Rangi ya Kucha Juu ya Skrubu

Kama safu yangu katika gazeti la wiki iliyopita ilikupita, hukupitwa na mengi. Nilirudi kutoka katika kuzunguka kwangu na begi moja na meno yangu yote. Dada yangu alinifungulia mlango, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akanipa chumba cha nyuma. Akaniambia, "Kaka, hapa ni kwangu. Ukiharibu kitu kimoja tu, begi lako linaijua njia."

Nikaharibu kitu kimoja.

Sikukiharibu kwa nyundo. Nilikiharibu kwa wema, na ndiyo maana nilichelewa kujua.

Mpwa wangu, binti pekee wa dada, anadarizi nembo kwenye sare. Chumba cha mbele ndiyo karakana yake: mashine ya kudarizi dirishani, meza ya pasi ya mama yake upande wa pili, nyuzi za kila rangi zimetundikwa ukutani kwenye misumari. Mashine ile haijui kuchora. Inachorewa na laptopu kuukuu, nzito kama tofali, iliyounganishwa nayo kwa waya. Programu yake kompyuta mpya zinaikataa, na aliyewauzia mashine alishafunga duka akahama. Laptopu ikifa, mashine inabaki kuwa meza ya kuwekea vikombe.

Laptopu hiyo ina fundi wake. Kijana mmoja mpole, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya duka la dawa. Alianza kuja laptopu ikiwa mbovu, akaendelea kuja laptopu ikiwa nzima. Mpwa wangu hakulalamika. Aliyelalamika ni mama yake.

"Mtu wa bisibisi," alikuwa akisema. "Leo yuko kibandani, kesho unamuulizia kwa majirani."

Mimi ndiye niliyemsemea. Nilikaa na dada jikoni, nikamsemea mtoto wa watu mpaka koo likanikauka. Dada akalegea. Akasema haya, Jumamosi wazazi wake waje tuwasikie.

Fundi aliposikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mjomba, hili sitalisahau."

Weka neno hilo pembeni, msomaji. Tutalihitaji.

Fundi huyu ana mtindo wake. Watu wanawasema mafundi vibaya, eti ukimpelekea kifaa anachomoa kizima anakutilia kibovu. Basi yeye kila anapomaliza kufunga kitu cha mtu, anatia tone la rangi ya kucha juu ya kila skrubu. Skrubu haizunguki bila tone kupasuka.

"Ni muhuri wangu," aliniambia siku moja akiisafisha ile laptopu, mimi nimekaa pembeni namtazama, dada amesimama kwenye meza ya pasi. "Tone likipasuka, siulizwi mimi. Likiwa zima, mkono wa mwisho ni wangu."

Laptopu ya mpwa wangu aliipiga rangi ya mpwa wangu mwenyewe, nyekundu nzito, kutoka kwenye kichupa kinachokaa dirishani karibu na mikasi. Kila tone dogo, la mviringo, kama limepimwa. Nadhani alikuwa akitia na salamu humo.

Sasa lile langu.

Juzijuzi mpwa wangu alikwenda kupeleka sare, na mama yake akamsindikiza. Nikaichukua laptopu chumbani kwangu kutazama mpira wa zamani. Niliiweka kitandani, juu ya blanketi. Kabla ya mapumziko feni ilikuwa inalia kama mgonjwa wa pumu, na chini pana moto kama pasi ya dada. Nikashikwa na hofu. Nikasema, kabla mtoto hajarudi, nimsaidie.

Mimi katika maisha yangu nimefungua redio, jenereta, saa za ukutani, na mara moja jino la mwenzangu. Shule nilisoma vipande vipande, hapa mwaka, pale miezi, lakini bisibisi ninayo kwenye begi siku zote. Nikapasua matone mekundu. Nikafungua skrubu. Nikapuliza vumbi. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Nikang'oa feni na bomba lake la shaba. Chini yake chipu zilikuwa zimepakwa ute mweupe, umekauka kidogo kwenye kingo. Nilikuwa nimemwona fundi akiukamua kutoka kwenye kijibomba, akisema ndio unaovuta joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye shaba. Huu nikauona umezeeka. Nikaupangusa wote kwa shati langu.

Ndipo nilipokumbuka kwamba sina wa kurudishia.

Nikatazama huku na huku. Kwenye kikombe changu palikuwa na mswaki na dawa ya meno, ile ya kijani, yenye ubaridi unaopanda mpaka masikioni. Dada na binti yake wanatumia nyeupe. Mimi nyeupe siitaki, kijani ndiyo iliyonitunzia meno haya nchi baada ya nchi.

Nikawaza: kama inapoza mdomo mzima, itashindwaje na kichipu cha ukubwa wa ukucha?

Nikapaka, tena kwa ukarimu. Nikafunga. Na kwa kuwa nimezoea kuacha mahali pa watu kama nilivyopakuta, nikakitwaa kile kichupa dirishani, nikatia tone jekundu juu ya kila skrubu.

Sikuwa nikificha. Naapa sikuwa nikificha. Nilikuwa nasafisha baada ya kazi yangu. Lakini ukipiga deki juu ya nyayo zako, nyayo zimefutika, hata kama ulichotaka ni sakafu safi tu.

Siku za mwanzo laptopu ikawa baridi kabisa. Nikatembea humu ndani kifua mbele.

Halafu ikaanza kuganda.

"Mama, imeganda tena."

"Izime uiwashe."

"Ndicho ninachofanya tangu asubuhi. Tazama, sindano imesimama katikati ya nembo."

Zilikuwa sare za chuo cha wauguzi. Nembo yao ni taa yenye miale. Kwenye kioo ile taa ilikuwa imekatika vipande, na michirizi ya zambarau imeshuka juu yake kama mvua. Kishale hakisogei. Feni inalia.

Mpwa wangu akanusa hewa. "Mbona humu kunanukia kama mtu anapiga mswaki?"

"Ni mjomba wako," akajibu dada, pasi haisimami. "Mtu gani anapiga mswaki kutwa kama anakwenda kuposa."

Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikainuka, nikaenda kusimama uani. Kuku wa jirani akanitazama kwa jicho moja. Hata yeye nikamwona kama anajua.

Fundi akaitwa. Akaja na mkoba wake na kioo kingine kikuukuu kwapani. Akamwamkia dada, "Shikamoo mama," na dada akaitikia akitazama pasi. Akaniamkia mimi kwa tabasamu la mtu ambaye Jumamosi yake iko karibu.

"Inaganda ukifanya nini?" akamuuliza mpwa wangu.

"Nikifungua nembo. Nikiandika maandishi matupu haina shida."

"Papo hapo, au ikishakaa?"

"Ikishapata moto."

Akaunganisha kioo chake kwenye ubavu wa laptopu. "Kama kioo chenu ndicho kibovu, hiki changu kitaonyesha picha safi." Akaiwasha. Taa ikaja, miale ikaja, tukangoja, michirizi ikaja. Kwenye vioo vyote viwili.

"Kioo hakina kosa," akasema.

Akaizima. Akaiwasha kwa namna nyingine, ile ya kuibembeleza, ambayo picha zinakuwa kubwakubwa na rangi zinapauka. Ikakaa. Haikuganda. Dada akamaliza shati zima, bado inakwenda.

"Umeiponya?" mpwa wangu akauliza.

"Hapana. Hapa nimeipumzisha chipu ya picha, haifanyi kazi yake. Ngoja niirudishe kazini."

Akairudisha. Taa ikaganda kabla mwale wa mwisho haujachorwa.

Fundi akashusha pumzi. "Diski nzima, programu nzima. Ni chipu ya picha. Inakufa kwa joto."

Pasi ya dada ikasimama.

"Joto limetoka wapi?"

"Sijajua, mama."

"Hujajua. Si wewe uliyeisafisha?"

"Ni mimi."

"Ukasema itakaa mwaka bila kuguswa?"

"Nilisema hivyo."

Dada akaja mezani. Akaigeuza laptopu mgongo juu, akaweka kidole kwenye skrubu ya kwanza. "Na hii si ile rangi yako unayojisifia? Umetuambia mwenyewe hapa, nikiwa nimesimama pale pale. Ikiwa nzima, mkono wa mwisho ni wako. Haya. Imepasuka?"

Fundi akainama. Akapitisha kidole gumba juu ya tone moja, kisha la pili. Matone yangu yalikuwa manene. Moja lilikuwa limechuruzika pembeni kama machozi. Yake hayakuwa hivyo.

Nikamwona anayatazama. Nikamwona anafikiri.

"Haijapasuka," akasema taratibu. "Ni nzima."

"Basi umejihukumu kwa mdomo wako. Ulichomoa chipu nzima ukatutilia kibovu chako cha kibandani. Mtoto wangu ukamfanya duka la vipuri."

"Mama," mpwa wangu akasema.

"Usiniite mama sasa hivi. Nilikwambia mtu wa bisibisi ukanicheka. Na huyu," akanigeukia, "huyu ndiye wakili wake. Haya wakili, sema."

Hapo ndipo pangetosha. Mlango ulikuwa wazi, dada mwenyewe amenifungulia. Maneno yalikuwa mafupi: dada, ni mimi. Hata mtoto anayeanza kusema angeyaweza.

Nikatazama mlango wa chumba cha nyuma. Begi langu lilikuwa linaonekana, limeketi juu ya kiti, limefungwa zipu. Tangu nifike sijawahi kulitoa nguo zote. Magoti yangu siku hizi yanalia nikipanda ngazi mbili. Nikajiona barabarani nalo, natafuta mlango mwingine wa kugonga, na milango ninayoijua nimeimaliza.

"Mimi," nikasema. "Mimi naona tusiwe na haraka."

Wakili wa kukodi asingesema hovyo zaidi ya hapo.

Fundi akafungua mkoba wake. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini mkono ulikuwa mtulivu. "Mama, sikuiba. Naifungua hapa hapa, mbele yenu. Kila chipu ina namba yake mgongoni, na namba ya hii ninayo kwenye simu yangu, niliipiga picha. Zikitofautiana, niiteni mwizi."

"Kwani lazima leo?" nikasema. "Bado ina moto. Iacheni ipoe."

"Ikipoa itatuambia nini, kaka?" dada akasema. "Fungua, kijana."

Mpwa wangu alikuwa amesogea dirishani, amewapa mgongo wote wawili, anapanga nyuzi zilizokwisha kupangwa. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

"Mjomba," fundi akaniambia, "nishikie tochi."

Msomaji, nimeshika vitu vingi vizito maishani. Nimebeba magunia, nimebeba jeneza la rafiki. Sijawahi kushika kitu kizito kama ile simu ya fundi yenye mwanga mbele.

Akapasua tone la kwanza. La pili. Rangi ikaruka vipande vyekundu juu ya meza. Akaondoa kifuniko. Vumbi halikuwapo, na hilo nalo likamshangaza, kwa sababu laptopu ya karakana ya nyuzi haikosi vumbi. Akafungua feni, akachomoa humo unyoya mmoja wa blanketi. Akalishika bomba la shaba kwa vidole viwili, akalivuta.

Halikutoka. Lilikuwa limenata.

Akalizungusha kidogo, likatoka kwa mlio kama wa biskuti inayovunjika.

Harufu ikapanda. Mimi na yeye tulikuwa tumeinama vichwa karibu kugusana, na harufu ikatupanda sote wawili puani kwa pamoja.

Juu ya chipu palikuwa na ukoko wa kijani. Umekauka, umepasuka kama tope la bwawa lililokauka, na katikati, pale palipoungua, umekuwa kahawia.

Fundi aliutazama ule ukoko. Kisha akainua macho taratibu, akapita kwenye mkono wangu wenye tochi, kwenye kola ya shati langu, akafika kwenye mdomo wangu. Akabaki hapo.

Nilifunga mdomo.

"Namba," dada akasema kutoka kwenye meza ya pasi. "Soma namba."

Fundi akachukua kitambaa, akakitia spiriti, akaanza kupangusa. Alipangusa kwa upole, kama anamfuta mtoto uso. Kijani chote kikahamia kwenye kitambaa. Akakikunja, upande mchafu ndani, akaifungua ile picha kwenye simu ikiwa mkononi mwangu, akalinganisha.

"Namba ni ile ile, mama. Chipu ni yenu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sikuiba." Akafungua kijibomba cha ute. "Lakini kosa ni langu. Niliipaka ute mbaya. Wa ovyo. Umekauka, joto likakosa pa kutokea, chipu ikaungua. Muhuri ni wangu na kosa ni langu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama. Alikuwa anapaka ute mweupe mpya, tone dogo la mviringo, kama limepimwa.

"Ulijua ni wa ovyo?" dada akauliza.

"Nilijua."

Nyuma yetu mpwa wangu akaangusha uzi. Ukabingirika sakafuni mpaka kwenye mguu wangu, wala hakuna aliyeuokota.

Dada hakufoka. Ningependa angefoka. Alichomoa pasi kwenye umeme, akauzungusha waya wake polepole, akasema, "Mwizi ningemsamehe, labda ana njaa. Lakini mtu anayejua kitu ni kibovu akampa mtu anayemwamini, huyo siwezi kumpa mtoto wangu. Waambie wazazi wako Jumamosi wapumzike."

"Mama, ngoja kwanza," mpwa wangu akasema.

"Ningoje nini? Mwenyewe amekiri."

"Dada," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa shuka. "Dada, hebu sikiliza..."

Fundi akaichukua simu yake mkononi mwangu. Alipoichukua akavibana vidole vyangu, kwa nguvu, mpaka vikauma.

"Asante kwa tochi, mjomba," akasema kwa sauti ya wote. Kisha akainama kukusanya bisibisi, na kwa sauti ya mimi peke yangu akasema, "Ulinisemea, mjomba. Na mimi nina pa kulala."

Akafunga laptopu. Safari hii hakutia rangi kwenye skrubu. Akaiwasha, taa ya wauguzi ikachorwa mwale baada ya mwale, ikamalizika, ikasimama bila mchirizi hata mmoja.

"Itakwenda kwa muda," akamwambia mpwa wangu, bila kumtazama. "Chipu imeumia. Usiilaze kitandani."

Kitandani. Alilitamka hilo kama ushauri wa kawaida, na mpwa wangu, ambaye hajawahi kuilaza kitandani hata siku moja, akainua kichwa.

Fundi akaaga. Mlango ukafungwa, tukasikia hatua zake zikipungua barabarani, na kile kioo chake kikuukuu alikisahau mezani. Au aliona hana tena sababu ya kukifuata.

Dada akachukua rundo la mashati, akaingia nayo chumbani kwake.

Nikabaki nimesimama. Nikajiambia, nenda sasa, mfuate kijana, mrudishe ukiwa umemshika mkono. Miguu ikakaa. Nikajiambia, basi kesho. Kesho ni neno zuri sana kwa mwoga. Nimeliishi katika miji mingi.

Mpwa wangu alikuja mezani kuokota vipande vya rangi nyekundu. Akaviweka kimoja kimoja kwenye kiganja. Kile kilichochuruzika akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda.

Kisha akakiona kitambaa.

Fundi alikuwa amekiacha ukingoni, kimekunjwa vizuri. Akakikunjua. Binti huyu macho yake ni ya nyuzi. Pale mimi naona kijani kimoja, yeye anaona kijani saba, na kila kimoja anajua kakiona wapi. Akakisogeza puani. Akafumba macho.

Alipoyafumbua hakunitazama mara moja. Alitazama mlango aliotokea fundi, akatazama dirishani kile kichupa chake cha rangi, kifuniko kimekaa upande kwa sababu sikukibana vizuri. Mwisho akaja kwangu. Akaja karibu, karibu zaidi ya mtu anavyomkaribia mjomba wake, mpaka nikaona kifua chake kinavyopanda na kushuka.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Usitikise kichwa. Sema kitu."

Kutoka chumbani sauti ya dada ikaja, "Mnanong'ona nini huko?"

Mpwa wangu alisimama pale pale, pua yake mbele ya uso wangu, kitambaa kimekazwa ngumini, na machozi yameshafika lakini ameyazuia yasishuke, anangoja.

Nikasikia viatu vya dada vinakuja.

Nikafungua mdomo.